Neno "akijua": Historia ya adhabu kwa wanaowaajiri wageni wasio na kibali

Mgeni akifanya kazi katika nchi isiyo yake bila kibali, wanaovunja sheria ni wawili: yeye mwenyewe na yule anayemwajiri. Walakini kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilimwona mmoja tu. Tunapenda tuifuate historia hiyo pamoja, kwa kuwa ndugu zetu wengi wameelekea huko kutafuta maisha, na pia kwa kuwa jambo lenyewe halituhusu tukiwa ugenini peke yake.

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, Marekani ilipatana na Meksiko ili wanaume wa Meksiko waende kulima na kuvuna mashambani kwa mikataba. Mpango huo ulidumu hadi mwisho wa mwaka 1964, na mikataba ipatayo milioni 4.6 ilitiwa sahihi. Pamoja na hao, wengine wengi walivuka mpaka bila karatasi yoyote. Wenye mashamba waliwapokea kwa moyo mkunjufu, maana asiye na karatasi huogopa kudai haki yake.

Mwaka 1952 Bunge lilitunga sheria kali: yeyote atakayemficha au kumhifadhi mgeni asiye na kibali ataweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Lakini wenye mashamba, hasa wale wa Texas, walikuwa na sauti Bungeni. Yakaongezwa maneno machache katika sheria ileile, kwamba kumpa mgeni kazi hakutahesabiwa kuwa ni kumhifadhi. Maneno hayo yakajulikana kama "sharti la Texas". Basi aliyemlaza mgeni nyumbani mwake kwa huruma angeweza kushtakiwa, na aliyemtumikisha shambani kwa faida yake akabaki salama.

Walioinua sauti kuipinga hali hiyo walikuwa pia wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1971 jimbo la California liliweka faini ya dola 200 hadi 500 kwa mwajiri aliyechukua wageni wasio na kibali na kuwadhuru wafanyakazi wakaaji. Vibarua wa mashambani waliwashtaki mawakala wa kazi kwa sheria hiyo, wakisema wamenyimwa ajira kwa ajili ya watu wa bei nafuu. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi ilikubali kwamba jimbo lina uwezo wa kutunga sheria ya namna hiyo.

Ndipo suala hilo likafikia taifa zima. Tume iliyoongozwa na padri Mkatoliki, Theodore Hesburgh, mkuu wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ilitoa taarifa yake mwaka 1981. Ilishauri mambo mawili yaende pamoja: waajiri waadhibiwe, na wageni waliokwisha kukaa nchini wapewe kibali. Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyofuata njia hiyo. Watu wapatao milioni 2.7 walipata kibali. Mwajiri aliyekosa mara ya kwanza alitozwa dola 250 hadi 2,000 kwa kila mfanyakazi, na aliyerudia aliweza kutozwa hadi dola 10,000. Aliyeifanya kuwa desturi aliweza kufungwa hadi miezi 6.

Sheria hiyo ilisimama juu ya neno moja: mwajiri ana kosa ikiwa alimwajiri mgeni "akijua" kwamba hana kibali. Alipaswa kutazama karatasi za mtu na kujaza fomu. Karatasi zikionekana kuwa za kweli, hakulazimika kuchunguza zaidi. Hapo biashara ya karatasi za uongo ikastawi. Waajiri wengine nao wakaanza kuwaogopa watu kwa sura na matamshi yao. Mwaka 1990 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilieleza kwamba, kwa sababu ya sheria hiyo, karibu mwajiri 1 kati ya 5 alikuwa ameanza kubagua. Wenye kibali halali nao wakaumia.

Matunda ya neno hilo yalionekana wazi tarehe 12 Mei 2008 huko Postville, mji mdogo wa jimbo la Iowa. Askari wa uhamiaji walikizunguka kiwanda cha nyama cha Agriprocessors, wakawakamata wafanyakazi 389, wengi wao watu wa Guatemala. Jamaa zao walikimbilia kanisa la parokia ya Mtakatifu Brigita, wakala na kulala humo. Wafanyakazi wapatao 300 walishtakiwa upesi upesi katika uwanja wa maonyesho ya mifugo uliogeuzwa mahakama. Walitishwa kwa shtaka la kuiba utambulisho wa mtu mwingine, lenye kifungo cha lazima cha miaka 2, na wengi wakakiri kosa dogo zaidi, wakafungwa miezi 5 kabla ya kufukuzwa nchini.

Wasimamizi wachache wa kiwanda walifungwa pia. Lakini mkuu wake alihukumiwa kwa udanganyifu wa fedha za benki, na mashtaka ya kuwaajiri wageni yakafutwa.

Tena, tarehe 4 Mei 2009, Mahakama Kuu iliamua kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa lile shtaka la kuiba utambulisho isipokuwa alijua kwamba namba aliyotumia ni ya mtu mwingine wa kweli. Kwa hiyo neno "akijua" liliwapasa wafanyakazi pia. Kwa wale wa Postville uamuzi huo ulichelewa: walikuwa wamekwisha kutumikia kifungo.

Katika jimbo hilohilo la Iowa wanaishi leo Wakongo wengi, na baadhi yao hufanya kazi katika viwanda vya nyama. Wengi walipokelewa kama wakimbizi, wakiwa na haki ya kufanya kazi. Jirani yao kazini huenda hana haki hiyo, na kimya chake hushusha mshahara wa wote wawili.

Nasi huku nyumbani tunao watu wa namna hiyo: aliyekimbia vita akafika mjini bila kadi ya mpiga kura, msichana wa kazi asiye na jamaa karibu, kibarua anayelipwa nusu kwa sababu hana pa kushtaki. Sheria ya nchi huuliza kama mwajiri alijua. Katika vikundi vyetu tuulizane zaidi: ni nani anayefanya kazi nyumbani kwetu, tunamlipa nini, na je, tungemlipa hivyo kama angekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake?