Lubunga, akili ya kijiji

Kwetu Ubembe, lubunga si nyumba tu. Ni banda ambamo wanaume wa kijiji walikaa kuzunguka moto, wakala pamoja, wakakata mashauri.

Tuchukue shauri la mpaka wa shamba. Karatasi hakuna, ramani hakuna. Mmoja alijua nani alifyeka pori lile kwanza. Mwingine alikumbuka njia ya zamani ilipita wapi. Mwingine alijua mngazi ule ulipandwa na babu ya nani. Hata chifu peke yake hakuwa na habari yote. Maneno yalizunguka, huyu akisahihisha yule, hadi mpaka ukaonekana.

Lakini tuseme kweli: wamama, ndio waliolima mashamba hayo, hawakukaa lubunga. Walichojua kilifika kwa mdomo wa waume zao, na mara nyingi kilifika nusu.

Vita ya 1996 ilivunja mpango huo. Watu walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, wengi wakawekwa katika kambi ya Nyarugusu. Tangu 2005, meli zilipoanza kuwarudisha Baraka, kila mtu alishuka na kipande chake cha kumbukumbu. Wenye vipande vingine walikuwa wamekufa, ao wamebaki Tanzania, na mashambani mulikuwa watu wengine.

Tumeona shauri moja likikaa miezi kwa kukosa mtu aliyejua kijito kilipita wapi zamani. Kumbe aliyejua alikuwa mama mmoja mjane. Wazee wakamwita, akaketi katikati yao, kisha akawaongoza hadi kwenye jiwe.