Mwaka wa Wanafunzi wa Oxford

Mkulima wa kwetu huhesabu mwaka wake kwa masika na vuli. Mtoto wa shule huuhesabu kwa kengele. Leo twapenda kuwaeleza jinsi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, kule Uingereza, wanavyohesabu mwaka wao, maana asiyeijua hesabu hiyo hudhani kwamba watu wale hupumzika kuliko wanavyosoma.

Mafundisho yalikuwako Oxford tangu mwaka 1096 au karibu yake, na wanafunzi wakazidi sana baada ya mwaka 1167, Mfalme Henry II alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Zama zile elimu ilikuwa mikononi mwa watu wa Kanisa, nao wakaugawanya mwaka kwa sikukuu. Muhula wa kwanza, uanzao Oktoba, una jina la Malaika Mikaeli, ambaye sikukuu yake ni tarehe 29 Septemba. Wa pili huanza Januari, nao ni wa Mtakatifu Hilary, askofu wa Poitiers, akumbukwaye tarehe 13 ya mwezi huo. Wa tatu ni wa Utatu. Hapo kale palikuwa na muhula wa Pasaka pia, lakini uliunganishwa na huo wa Utatu.

Kila muhula una majuma manane ya kufundishwa, kuanzia Jumapili ya juma la kwanza hata Jumamosi ya juma la nane. Jumamosi, ambayo kwa jina letu ni siku ya kwanza, kwao ndiyo ya kufungia! Mwanafunzi hataji tarehe, husema, "Jumanne ya juma la tano." Hata juma linalotangulia masomo lina jina lake, juma la sifuri, na ndipo koleji nyingi huwajaribu wanafunzi wao kwa mitihani midogo, ili ijulikane kama likizo ilikuwa ya vitabu au ya usingizi.

Basi, majuma manane mara tatu ni 24, na mwaka una majuma 52. Hayo 28 yamekwenda wapi? Hapo ndipo wengi hukosea. Wakati wa muhula mwanafunzi huandika insha karibu kila juma, akaenda kuitetea mbele ya mwalimu wake, akiwa peke yake au pamoja na wenzake wawili watatu. Hakuna mahali pa kujificha. Aliyekuja mikono mitupu huaibika, kwa hiyo vitabu vingi husomwa likizoni, hasa katika ile likizo ndefu itokayo mwisho wa Juni hata Oktoba. Na augguaye juma moja tu amekwisha kupoteza sehemu ya nane ya muhula. Sisi tufundishao waalimu tumewaona wengi wafungao vitabu siku ya kufunga shule, wasivifungue mpaka siku ya kurudi. Mwenye desturi hiyo angepata taabu Oxford.

Tena muhula huhesabiwa kwa kulala. Mwanafunzi atafutaye shahada ya kwanza hana budi kulala usiku 42 katika kila muhula ndani ya maili sita kutoka Carfax, njia panda iliyo katikati ya mji.

Karibu na njia panda hiyo, tarehe 10 Februari 1355, sikukuu ya Mtakatifu Scholastica, wanafunzi waligombana na mwenye duka la mvinyo, wakisema mvinyo wake mbaya. Ugomvi ukawa vita kati ya mji na chuo. Yasemekana wanachuo 63 walikufa, na watu wa mji kama 30. Mfalme alikipendelea chuo. Na tangu hapo, kila mwaka siku ile ile, meya alipaswa kwenda kanisani na kulipa peni 63, moja kwa kila mwanachuo aliyekufa. Siku hiyo ya aibu ilidumu mpaka mwaka 1825. Mwaka 1955, miaka 600 baada ya vita, pande mbili zilipatana: meya alipewa shahada ya heshima, na mkuu wa chuo akafanywa mwenyeji wa heshima wa mji.