Kabla ya Bayo Kulikuwa na Beti ya Mwisho

Leo kidogo tunarudi nyuma, lakini usikimbie, mwisho wa siku ni stori ya simu yako.

Runzewe wengi mnapita tu. Ukitoka Kahama, unaiacha Masumbwe, unaiacha Ushirombo, unafika sehemu malori yamejipanga kando ya lami yakielekea Rwanda na Burundi. Wengine wanashuka hapo kwa ajili ya dhahabu, wengine kwa ajili ya chipsi. Zamani tulikuwa mkoa wa Shinyanga, tangu 2012 tuko Geita. Pale kuna kijana mmoja, jina lake ataniruhusu nilifiche, ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mchana anahudumia wachimbaji, usiku anaandika hadithi kwa simu hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka.

Mwaka jana aliandika moja kuhusu mchimbaji anayerudi nyumbani baada ya miaka tisa na kumkuta mama yake hamkumbuki. Akaitupia kwenye magrupu mawili ya WhatsApp, bila jina, bila chochote. Baada ya wiki mbili hivi ikamrudia kutoka kwa shangazi yake aliyeko Mwanza: "Mwanangu soma hii, imenitoa machozi." Juu kabisa kulikuwa na jina la mtu mwingine, picha ya mtu mwingine akiwa na suti, na chini maelezo: ukitaka sehemu ya pili, tuma elfu moja kwenye namba hii.

Sehemu ya pili haipo. Hajaiandika bado.

Akanifuata akiwa amevimba. "Kaka, nitengenezee profaili ya maana. Nipige picha nimevaa miwani, uniandikie mwandishi, mhamasishaji, balozi." Nikamuuliza balozi wa nini, akasema tutajua mbele ya safari. Nilicheka, ila usiku sikulala vizuri. Nikaanza kujiuliza: waliotutangulia, wasiokuwa na bando wala kamera, majina yao yalitufikiaje?

Tuanze hapa hapa kwetu. Huku Usukumani ngoma haikuwa burudani tu, ilikuwa ligi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 walikuwepo manju wawili wakali, Ngika na Gumha, na ushindani wao ndio uliozaa pande mbili zinazojulikana mpaka leo: Bagika na Bagalu. Ukienda Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, utazikuta bado zinachuana. Sasa sikiliza utaratibu wake, maana ndio ulionifanya nikae kitako. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wenyewe ndio wanahama, wanasogea upande unaowavuta, wakichoka wanarudi. Mwisho mshindi ni yule aliyebaki na umati.

Unaona? Wafuasi tulikuwa nao kabla ya umeme. Na ujanja wa kuwavuta ulikuwepo: mavazi ya ajabu, nyoka, fisi, na dawa za mvuto kutoka kwa waganga, ambazo kwa lugha ya leo tungesema kuboosti. Lakini manju mwenyewe wakati wa kilimo alikuwa akitunga. Mavuno yakiisha alitakiwa atoke na nyimbo mpya, zenye kumchoma mpinzani na kutaja mambo ya mwaka ule. Mwenye nyoka tu, bila wimbo mpya, watu walimtazama nyoka wake, kisha wakahamia ng'ambo. Wasukuma walipohamia huku magharibi na ng'ombe wao na pamba yao, walikuja na ligi hiyo. Babu zetu wengine walijulikana kwa jina la ngoma tu, lile la kwao likasahaulika.

Sawa, hao ni waimbaji. Walioandika je?

Nenda pwani ya Kenya, mwaka 1858. Mama mmoja anaumwa, anahisi safari imekaribia, anamtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Ni Mwana Kupona. Ukifika mwishoni mwa utenzi unakuta jambo ambalo mwalimu wangu wa Kiswahili hakuwahi kutuonyesha (au alituonyesha nikiwa dirishani). Mama yule anataja jina lake, anamtaja na baba yake Mshamu, anasema alizaliwa Pate, halafu anaweka mwaka, 1275 wa Hijra. Jina, ukoo, kwao, tarehe. Hiyo ni bayo, tena imetulia! Ila angalia ameiweka wapi. Hakuiweka kwenye jalada, maana jalada halikuwepo. Ameishona ndani ya beti, kwa vina na mizani. Anayenakili akitaka kumfuta, inabidi avunje shairi, na kila msikilizaji wa pwani atasikia kwamba hapa pana pengo.

Mtindo ule haukufa. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na washairi wakajaa humo, Shaaban Robert akiwemo. Baadaye yakaja magazeti mengine na kurasa zake za mashairi. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na mzee mwenye Uhuru au Mzalendo za zamani zimefunikia meza, angalia. Beti ya mwisho mshairi anasema kaditama, anajitaja, anasema yuko wapi. Chini ya jina: S.L.P. na namba, kisha mji. Sanduku la posta lilikuwa ndiyo akaunti yake. Kwa njia hiyo mtu wa Shinyanga alimjua mtu wa Tanga ambaye hajawahi kumwona, wakajibizana kwa mashairi wiki kwa wiki, mmoja anauliza, wengine wanajibu, wengine wanachokoza. Tusijidanganye kwamba matusi ya mtandaoni tumeyaanzisha sisi. Wale walitukanana pia, ila kwa mizani nane kwa nane, ndiyo tofauti.

Na majina ya kujipa yalikuwepo. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Sema mwenyewe, kuna msanii wa sasa ana jina linalopita hilo? Hakuweka picha ya suti. Jina lilitosha kukufanya umsome, na baada ya hapo shairi lilijitetea.

Baadaye kidogo mambo yakageuka kichekesho. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi wake Willy Gamba alipata umaarufu ambao mwenyewe huenda hakuupata. Nawajua wazee wa rika la baba yangu wanaomwelezea Willy Gamba kama jirani yao, ukiwauliza nani aliandika wanakuna kichwa. Ben Mtobwa naye na Joram Kiango wake, hivyo hivyo. Kisha magazeti ya hadithi za mfululizo yakaleta kapicha kadogo na namba ya simu chini ya hadithi, na hapo tukawa tumeshafika kwenye dunia tunayoishi.

Nilimweleza kijana yote haya tukiwa kibandani, akawa ananisikiliza nusu nusu huku akichomoa na kuchomeka simu za watu. Nilipofika kwa Kitereza akaacha.

Aniceti Kitereza alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa hicho hapo Ziwa Victoria. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, akaingiza humo maisha yote ya kisiwa: kulima, kuvua, pombe, ugonjwa, mahari, ndege, dawa. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Lugha yake ilikuwa na wasomaji wachache, naye hakuwa na jina nje ya kisiwa. Mswada ukakaa. Miaka ya 1960 ikaelekea mwisho ndipo mtafiti Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walipofika Ukerewe na kuona ni nini alichonacho mzee yule. Kitereza akaketi, uzeeni, akaitafsiri mwenyewe yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki.

Hesabu: miaka 35. Leo imetafsiriwa kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza imetafsiriwa na Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, mwaka 2002. Wasomi wanaiheshimu. Mwenyewe alikula nini katika heshima hiyo?

"Kwa hiyo kaka unaniambia profaili ni muhimu," kijana akasema.

Nikamwambia ndiyo. Sitaki kuwa mnafiki wa kusema andika tu, kazi nzuri itajiuza. Ya Kitereza ilikuwa nzuri, haikujiuza. Mtu alihitajika kuibeba, na yeye kisiwani kwake hakuwa naye. Ila huyo mwenye suti aliyeiba hadithi yako ana profaili kamili, picha, balozi, kila kitu, na sasa watu wametuma elfu moja moja wanasubiri sehemu ya pili ambayo iko kwenye kichwa chako wewe. Hapo kuna mtu wa kulala vibaya, na wewe sio.

Akanyamaza. Akaniambia picha ya miwani tuiache kwanza.

Sehemu ya pili aliitoa Aprili. Katikati ya hadithi, yule mchimbaji anazimikiwa simu akiwa njiani kumpeleka mama yake hospitali. Anasimama Runzewe, kwenye kibanda chenye bati la bluu, na kijana wa pale, ambaye safari hii ametajwa kwa jina lake lote mawili, anamchajia bure. Simu inapopata chaji ndipo inaingia ile simu inayobadilisha kila kitu. Ukikiondoa kibanda, hadithi haiendi. Jina nalo linaweza kubadilishwa, najua, lakini watu wa barabara hii wanajua bati la bluu ni la nani.

Wiki iliyofuata shangazi wa Mwanza akaituma tena kwenye grupu la familia. "Mbona huyu wa kibandani ana jina kama lako?"