Wagosi wa Kaya na Bei ya Mchezaji

Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Simba na Yanga huulizana nani anakuja. Sisi wa Coastal Union tunaulizana nani anaondoka. Jina letu la utani ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, lakini kila mwaka kuna mgosi mmoja au wawili wanaopanda basi la Dar es Salaam na mabegi yao, na nyumbani hawarudi tena ila kama wapinzani.

Mimi ni mtu wa Pangani, kilomita 50 hivi kutoka Mkwakwani, na naona mambo haya yana historia ndefu kuliko mpira wenyewe.

Pangani ni mji uliozoea kuuza. Kabla ya Wajerumani, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilishukia hapa mtoni, lakini bei ilipangwa ng'ambo, Unguja. Agosti 1888 maofisa wa kampuni ya Kijerumani walipokuja kupandisha bendera yao na kushika forodha, mji uliwaka. Vita ya Bushiri bin Salim ilikuwa na sababu nyingi, ila mojawapo ilikuwa hiyo: nani atakaa mlangoni, nani atashika mizani. Bushiri alinyongwa hapa hapa Pangani, Desemba 1889.

Miaka michache baadaye ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wetu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani: mwaka 1964 tulivuna tani 230,000 hivi. Mkonge ndio uliojaza bandari ya Tanga, ukajaza mabehewa, ukaleta vibarua kutoka kila kona. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Hakuna mtu wa Tanga aliyeulizwa.

Timu zetu zimekulia kwenye mji huo. Coastal Union walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, miaka mia kamili baada ya vurugu za Pangani. Siku hizo mtoto akikusimulia kwamba timu ya mkoani imekuwa bingwa, ulimwamini. Tukuyu Stars walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1986. Mtibwa Sugar wakaja kuchukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo basi. Ni Simba, Yanga, na mara moja Azam, msimu wa 2013/14. Sasa nyuma ya Simba yupo Mo Dewji, nyuma ya Yanga wapo GSM, nyuma ya Azam yupo Bakhresa. Nyuma ya Coastal kuna wanachama, wadau wa mji na wadhamini wa kuja na kuondoka.

Mwaka 2016 ulikuwa mchungu kuliko yote. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za Tanga, zilishuka daraja kwa mpigo. Coastal walirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19, msimu ambao ligi nzima haikuwa na mdhamini mkuu. Wakamsajili hadi Alikiba, yule yule msanii. Watu walicheka, lakini klabu isiyo na fedha inatafuta macho ya watu kwa njia yoyote.

Na katika ukata huo wakatengeneza wachezaji. Bakari Mwamnyeto, beki na nahodha, akaenda Yanga mwaka 2020, na mwaka 2023 alikuwa nahodha wa kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Julai 2022, pale Arusha, Abdul Suleiman, 'Sopu', akawafunga hao hao Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani. Mechi ikaisha 3-3, tukafa kwa penalti. Msimu mpya ulipoanza Sopu alikuwa na jezi ya Azam. Septemba mwaka huo huo Simba wakaja kumchukua kocha, Juma Mgunda. Mfungaji na mwalimu, ndani ya miezi mitatu!

Tusiwalaumu walioondoka. Maisha ya mchezaji ni mafupi, goti likivunjika hakuna shabiki atakayekulipia kodi ya nyumba. Wala tusiilaumu klabu kwa kuuza tu. Kanuni za FIFA ziko wazi: mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji anaruhusiwa kusaini awali kwingine na kuondoka bure. Klabu masikini ikisubiri sana, inabaki na picha ukutani. Na mwenye duka akijua una njaa, hakupi bei ya haki.

Ndiyo maana sakata la Lameck Lawi lilinigusa. Juni 2024 Simba walimtangaza beki huyo kuwa wao. Coastal, waliokuwa wametoka kumaliza nafasi ya nne, wakasema hapana: masharti ya malipo hayakutimizwa kwa wakati, biashara imevunjika. Shauri likafika TFF, maneno yakawa mengi mitandaoni. Mwisho wa siku Lawi alivaa jezi ya Coastal msimu wa 2024/25, kabla ya kwenda Azam mwaka 2025.

Wapo waliosema viongozi wamepata kiburi. Matokeo uwanjani pia hayakuwatetea: kwenye Kombe la Shirikisho Afrika tulitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Lakini mimi naona siku ile muuzaji wa Tanga alithubutu kumwambia mnunuzi wa Dar kwamba tarehe ya malipo nayo ni sehemu ya bei. Kwa mji wenye historia kama yetu, hilo si dogo.

Lililobaki ni gumu zaidi. Mkwakwani ni mali ya CCM, Coastal ni wapangaji. Fedha ya mchezaji mmoja inaweza kuliwa na mishahara ya miezi michache na nauli za kwenda Bukoba na Mbeya, ikaisha bila alama. Wanachama tunapiga kelele mchezaji anapoondoka, kisha tunanyamaza. Tungepiga kelele zaidi kwenye mkutano mkuu, tuulize mkataba una asilimia yetu akiuzwa tena, na tuulize timu ya vijana imepata nini. Mkonge ulitoka Tanga kwa miaka mingi sana na hatukuwahi kuuliza swali hilo. Wachezaji bado wanazaliwa. Kuuliza bado kunawezekana.