Kafeini katika Kokotoo: Historia Fupi ya Uigaji wa Molekuli Ikitazamwa kutoka Karagwe na Kyerwa

Historia ya uigaji wa molekuli kwa kompyuta huandikwa kwa kawaida kuanzia maabara za Marekani. Insha hii inaitazama kutoka mashamba ya mibuni ya Karagwe na Kyerwa, ambako molekuli moja, kafeini, ilikuwa na hadhi ya kijamii kabla haijapewa jina na wanakemia. Buni mbichi zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwazo. Kahawa ya kuuza nje ilikuja baadaye.

Friedlieb Runge aliitenga kafeini mwaka 1819. Kuijua fomula yake, hata hivyo, si kujua inavyoenenda ndani ya maji. Vipimo vya karne ya 20 vilionesha kwamba molekuli zake hukusanyika, lakini havikuweza kuonesha moja kwa moja namna zinavyokaa.

Njia ya kuona hayo ilitoka kwingine. Mwaka 1957 Alder na Wainwright walifuatilia kwa kompyuta mwendo wa tufe ngumu zinazogongana. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad, aliiga atomi 864 za argoni kimiminika. Wazo lenyewe ni sahili: kila atomi hupewa mahali na kasi, nguvu baina ya atomi hukokotolewa, kisha kanuni za Newton huisogeza kila moja hatua ndogo mno, na kazi hurudiwa mara nyingi sana. Mwaka 1977 McCammon, Gelin na Karplus waliiga protini nzima kwa muda usiofika pikosekunde 10. Ugumu haumo katika Newton. Umo katika kuchagua kanuni za nguvu hizo, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, msomaji wa tasnifu yoyote ya uigaji anapaswa kukazia macho.

Mwaka 2011 Tavagnacco, Brady na wenzao walichapisha uigaji wa kafeini ndani ya maji: molekuli zake bapa zililaliana uso kwa uso, mithili ya sarafu zilizopangwa.

Matokeo hayo yanagusa sufuria ya Karagwe. Mililita 100 za maji ya nyuzi 25 huyeyusha takriban gramu 2 za kafeini. Yanapochemka, takriban gramu 66. Robusta, iliyotawala wilaya hizi mbili, ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Ndani ya buni kafeini hushikana pia na asidi ya klorojeni. Je, uchemshaji ule huondoa kiasi gani, na molekuli za majani yale hulaliana na kafeini au huiacha huru? Ni swali la kemia ya nadharia, nalo limo katika desturi ya wenyeji.

Zana zake haziko mbali tena. Mafunzo ya Kiafrika ya mbinu za kukokotoa miundo ya elektroni yalifanyika Eldoret mwaka 2012. Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela imekokotoa miundo ya molekuli. Na mwaka 2018 taasisi ya fizikia ya nadharia ilifunguliwa Kigali, ng'ambo tu ya mto Kagera. Programu kama Quantum ESPRESSO hupatikana bure. Kinachobaki ni vipimo: uigaji usiolinganishwa na buni halisi hauna wa kuusahihisha. Kwa hiyo mtafiti atalazimika kwanza kwenda Kyerwa, kuwauliza wapishi wa kahawa ya kutafuna ni majani gani hasa, hutiwa lini, na sufuria hukaa motoni muda gani.