Sataranji, Nardi na Michezo ya Vita: Maulamaa Walitazama Nini?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Vijana wetu wa mijini, na zaidi wale walioko Ulaya na Marekani, wanacheza michezo ya vita ya juu ya meza. Kila mchezaji ana jeshi lake la karata au la visanamu, na ndani yake mna mazimwi, wachawi na farasi wenye mbawa. Wazee wanauliza hukumu. Wapo wanaojibu kwa haraka kuwa hiyo ni shirki, na wapo wanaojibu kwa haraka kuwa huo ni mchezo tu. Tunaona pande zote mbili zimeiruka historia, kwani vita vya juu ya ubao vilifikishwa mbele ya maulamaa wetu zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Asili ya sataranji ni India. Jina lake la Kisanskriti, chaturanga, lina maana ya sehemu nne za jeshi: ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Kutoka India mchezo uliingia Uajemi, na Waislamu walipoifungua nchi hiyo katika karne ya 1 Hijria wakaukuta huko. Waarabu waliyahifadhi majina ya Kiajemi: shah, yaani mfalme, na firzan, yaani waziri wake. Katika zama za Bani Abbas ulichezwa mbele ya makhalifa, na aliyevuma zaidi ni Abu Bakr as-Suli (aliyefariki 335 H), mwanahistoria na bingwa wa adabu ya Kiarabu, ambaye pia aliuandikia vitabu.

Pamoja nao palikuwa na nardi, mchezo wa dadu. Huu una Hadithi sahihi ya kuukataza, iliyopokewa na Imamu Muslim, ambayo inamfananisha anayeucheza na mtu aliyechovya mkono katika nyama na damu ya nguruwe. Ama sataranji, haina Hadithi iliyothibiti kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na kwa sababu hiyo maulamaa walikhitalifiana. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad waliikataza. Imamu Shafi (aliyefariki 204 H) aliichukia bila ya kuiharimisha. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H), ambaye Minhaj yake imesomeshwa vizazi kwa vizazi katika Pwani yetu, aliweka mambo matatu pamoja: nardi ni haramu kwa kauli sahihi, sataranji ni makruhu, na ikishurutishwa mali kutoka pande zote mbili inakuwa kamari.

Kwa nini wakatenganisha? Imamu Rafi'i (aliyefariki 623 H) alieleza kuwa sataranji inategemea hesabu na fikra, na nardi inategemea kubahatisha. Kila mchezo mwingine upimwe kwa mizani hiyo. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H) ametaja chini ya kanuni hiyo mchezo wa mashimo ambamo kokoto huhamishwa kwa hesabu. Msomaji wa Pwani atautambua mara moja kuwa ni ndugu wa bao letu. Lakini akaongeza sharti: hesabu hiyo isiwe inafuata kinachotolewa na vijiti vya kubahatisha.

Sharti hilo ndilo linalotufikisha kwenye michezo ya leo. Sataranji ilivuka kwenda Ulaya kupitia Andalusia, na mwaka 1283 Mfalme Alfonso X wa Castile aliandikiwa kitabu kizima cha michezo, sataranji ikiwemo. Mwaka 1780 Mjerumani Hellwig aliigeuza kuwa mchezo mkubwa wa vita. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Reisswitz, alitoa mchezo wa kuwafundishia maofisa, na humo dadu ziliamua hasara za vita. Kutoka huko ikatokea michezo ya kubuni: Dungeons & Dragons mwaka 1974, Warhammer mwaka 1983, na karata za Magic: The Gathering mwaka 1993. Kwa hiyo mchezo wa leo umechanganya hesabu ya sataranji na bahati ya nardi. Haufai kuhukumiwa kwa jina lake. Lazima ufunguliwe na kutazamwa.

La kwanza ni mali. Kanuni za mwanzo za Magic zilimtaka kila mchezaji aweke karata moja rehani, na mshindi achukue zote. Hiyo ni kamari waziwazi, na inaingia chini ya Aya ya 90 ya Suratul Maida. Sharti hilo liliachwa baadaye. Hata hivyo karata hizo bado huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue atapata yenye thamani au isiyo na thamani. Mwanafunzi wa fiqhi ataiona gharari hapo.

La pili ni itikadi. Imepokewa na Abu Daud kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alitaja farasi wa Nabii Sulayman (a.s.), na Mtume akacheka. Wengi wa maulamaa wamelifunga hilo kwenye vitu vya kuchezea watoto, na suala la visanamu vya wakubwa linabaki zito. Lakini linatosha kutuzuia kumwita kijana mshirikina kwa kushika umbo la kubuniwa asiloliamini. Akianza kuamini uchawi wake au kuutukuza, hapo jambo ni jingine.

La tatu ni faradhi. Hata waliosema sataranji ni makruhu walisema inaharimika ikimpitishia mtu Sala. Michezo hii huweza kuchukua saa nyingi, na adhana hupita.

Tunawausia maimamu wenzetu: kijana akikujia, muulize kwanza anacheza kwa mali gani, anaamini nini, na Alasiri aliisali wapi. Ukimtoa katika dini kwa karata, huenda usimwone tena msikitini. Na ukimwachia kila kitu, huenda naye asiuone msikiti. Maulamaa wetu walipita kati ya njia hizo mbili kwa sababu waliujua mchezo kabla ya kuuhukumu.

Wallahu aalam.