Kufunga duka, kwenda porini

Kuna kaka mmoja hapa mtaani kwetu Magomeni, nyumba ya tatu kutoka ya kwetu. Ana duka la vipuri vya simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Duka linamlipa. Kajenga, gari analo, watoto wanasoma, na ukikwama kodi ya nyumba ndiye unayemgongea mlango. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kibarazani tunakunywa kahawa, akaniambia bila hata kubadili sauti: "Mdogo wangu, mwakani nafunga duka. Naenda kusomea uwindaji, niwe naongoza wageni porini."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kaka, hela umezichoka?"

"Hela nani azichoke? Nimechoka kukaa nyuma ya kaunta."

Baraza zima lilimvamia siku ile. Mzee mmoja akamuuliza kama karogwa. Mimi nikanyamaza, ila nilirudi nyumbani na swali. Hivi kwetu kuna mtu aliyewahi kufanya kitu kama hiki? Kazi ya gazeti imenizoesha ubishi: nikiambiwa jambo halijawahi kutokea, naenda kutafuta lilipotokea. Nimetafuta, nimelikuta, na nilichokikuta kimenifanya nimtazame yule kaka kwa jicho jingine.

Tuanzie Nairobi, kwa sababu biashara ya kuongoza wawindaji kama tunavyoijua leo ilipata sura yake pale. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika pale Waaustralia waliotoka kupigana vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Mmoja aliitwa Victor Newland, mwingine Leslie Tarlton. Wakafungua kampuni, Newland, Tarlton & Co. Haikuwa kampuni ya uwindaji. Ilikuwa ya udalali: mashamba, mifugo, minada. Kwa lugha ya Kariakoo, madalali. Mji ulikuwa unakua, walowezi wanamiminika kutafuta ardhi, na dalali katika mji wa namna hiyo halali njaa.

Lakini kila meli iliyotia nanga Mombasa ilishusha pia tajiri mmoja au wawili waliotaka simba. Hawajui njia, hawajui lugha, hawana mahema. Madalali wakaona mwanya. Wakaanza kuwapatia wageni kila kitu: wapagazi, mpishi, mahema, bunduki, na mtu wa kuwaongoza. Tarlton mwenyewe akawa mmoja wa waongozaji.

Mwaka 1909 wakapata mteja ambaye kila mfanyabiashara humwota. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani mwezi Machi. Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kampuni ile ndiyo iliyomwandalia safari, na Tarlton alikuwa miongoni mwa waliowaongoza. Baba na mwana waliua wanyama 512, hesabu aliyoiandika Roosevelt mwenyewe. Tangu hapo dunia nzima ya matajiri ikajua neno letu "safari", ila sisi tulilitumia kwa mwendo wowote, wao wakalipa maana ya kwenda kuua tembo.

Sasa hapa ndugu msomaji nataka usimame kidogo. Ukisoma habari za watu hawa, wanasimuliwa kama mashujaa waliothubutu kuacha ofisi na kufuata moyo. Sikatai, walithubutu. Lakini tuwaangalie wengine waliokuwa kwenye msafara ule.

Msafara wa Roosevelt ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, walibeba chumvi ya kuhifadhia ngozi, tani 4. Mmoja wao alibeba vitabu, maana rais mstaafu alikuja na maktaba yake ndogo ya kama vitabu 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibike. Mtu mzima, kazi yake ni kumbebea mwenzake vitabu nyikani.

Mpagazi wa miaka ile alilipwa kama rupia 10 kwa mwezi. Leseni ya mgeni ya kuwinda ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Piga hesabu: ni mshahara wa miezi 75. Mpagazi angefanya kazi miaka sita na ushee bila kula wala kuvaa, ndipo anunue ruhusa ya kuwinda mwaka mmoja katika nchi ya babu zake.

Na hawa hawakuwa watu wasiojua pori. Kabla ya mzungu wa kwanza kuandika kitabu cha uwindaji, Wakamba na Wanyamwezi walikuwa na wawindaji wa tembo wenye heshima zao, miiko yao na dawa zao. Pembe zilizotajirisha Bagamoyo na Zanzibar katika karne ya 19 hazikuokotwa. Na misafara ile ilikuwa na cheo cha kirongozi, mtu anayetangulia mbele na kujua maji yako wapi. Kazi ya kuongoza watu porini ilikuwa yetu, tena ina jina la Kiswahili.

Kilichobadilika ni sheria. Huku kwetu, mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyoweka leseni za kuwinda na kutenga hifadhi za kwanza, mojawapo upande wa Rufiji. Waingereza walipochukua nchi wakaendeleza. Aliyekuwa fundi wa uwindaji akaamka asubuhi akiwa jangili. Hakubadili kazi, ila kazi ilibadilishwa jina.

Mwanahistoria Edward Steinhart aliandika kitabu juu ya jambo hili upande wa Kenya mwaka 2006, na jina lake peke yake linatosha: *Black Poachers, White Hunters*. Jangili mweusi, mwindaji mweupe. Wote wawili wanaua mnyama yuleyule.

Ukitaka mfano wa huku kwetu, mchukue C.J.P. Ionides. Alikuja Tanganyika kama askari, akaacha jeshi, akawa jangili wa pembe za ndovu, kisha akawa mwongozaji wa wawindaji. Hakuuficha ujangili wake. Mwaka 1933 akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori, akawa bwana nyama kule kusini na mmoja wa watu waliolikuza pori la Selous likawa kubwa kiasi kile. Alifanya kazi kubwa, na wazee wa kusini wanamkumbuka hadi leo kwa kukamata nyoka. Nauliza tu: ni Mwafrika gani wa miaka ile angekamatwa na pembe, kisha akapewa ajira ya kuzilinda?

Turudi kwa wafanyabiashara. Anayejulikana kuliko wote ni Denys Finch Hatton, kwa sababu ya ile filamu ya 1985 ambayo sura yake aliigiza Robert Redford. Alikuwa mtoto wa lodi wa Kiingereza, kasoma Eton na Oxford. Alifika Kenya akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akanunua ardhi karibu na Eldoret ya leo, akaingiza fedha zake humo, akamwachia mbia ausimamie mradi. Yeye roho yake ilikuwa porini. Mwaka 1925 akaamua kuifanya iwe kazi: akawa mwongozaji wa kulipwa.

Mteja wake mkubwa alikuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward. Mwishoni mwa 1928 walikuwa huku Tanganyika, zikaja habari kwamba Mfalme George wa Tano ni mgonjwa sana. Safari ikavunjika. Mwana wa mfalme akapanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, manowari ikamchukua hapa bandarini petu.

Kwa Finch Hatton kuna jambo moja ninalompa haki yake. Miaka ile matajiri walikuwa wanaingia Serengeti na magari, wanapiga simba bila hata kushuka. Yeye, ambaye mkate wake ulitokana na wageni haohao, aliandika kwenye gazeti la *The Times* la London kulaani uuaji ule. Mwaka 1929 Serengeti ikawekwa chini ya hifadhi, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Hakuwa peke yake katika kelele zile, lakini sauti yake ilisikika.

Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo ilianguka Voi. Alikufa palepale. Amezikwa kwenye vilima vya Ngong, kaburi lina mnara, watalii wanakwenda kupiga picha. Lakini ndani ya ndege ile walikuwa watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake Mkikuyu, ambaye vitabu humtaja kwa jina moja tu: Hamisi. Hana jina la baba, na hakuna filamu juu yake. Wamekufa dakika moja, katika ndege moja, kwa safari moja.

Nikafunga kitabu hapo, nikapanda mwendokasi kwenda Kariakoo. Na ni njiani, nadhani tulikuwa tunavuka Jangwani, ndipo jambo jingine liliponijia ambalo nalijua tangu shule ya msingi lakini sikuwahi kuliunganisha na haya.

Kariakoo ni "Carrier Corps". Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi wao wa vita, kwenye jengo la soko walilolijenga Wajerumani. Katika vita ile watu wetu, mamia kwa maelfu, walibebeshwa risasi na unga kuanzia Moshi hadi Rufiji na zaidi. Waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 katika vita hiyohiyo. Mwaka 1922 pori zima likapewa jina lake. Wapagazi wakapata soko, nalo likapewa jina la kikosi, sio la mtu hata mmoja.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina limegeuka. Na milango mingine iligeuka mapema zaidi: chuo cha Mweka kilifunguliwa 1963 ili Waafrika wasomee kazi ya wanyamapori. Mwaka 1973 serikali yetu ikapiga marufuku uwindaji, ikaufungua tena 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Kenya wao walifunga 1977 na hawajafungua. Makampuni binafsi yakaja kwetu katika miaka ya 1980 na vitalu vikagawiwa. Leo Mtanzania anaweza kuwa mwindaji bingwa kisheria, akiwa na cheti chake. Wapo, ingawa kwenye picha za matangazo ya makampuni bado ni rahisi kumwona Mtanzania akiwa ameshika bunduki ya mtu mwingine.

Nilimkuta kaka dukani kwake, anabadilisha kioo cha simu. Nikamsimulia yote haya, Tarlton, Hamisi, wapagazi. Alisikiliza huku bisibisi iko mkononi. Nilipomaliza akasema jambo ambalo hajawahi kulisema pale barazani.

"Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mwindaji huko Rufiji. Enzi za mkoloni walimfunga miezi sita kwa pofu mmoja. Alipotoka hakushika tena gobole. Alikuwa anatuonyesha nyayo tu, hii ya nani, imepita lini. Mpaka anakufa."

Akarudi kwenye kioo chake.

Sijui kama atafanikiwa. Kazi yenyewe ni ya msimu, wateja wanatoka ng'ambo, na ulimwengu unazidi kuukunjia uso uwindaji wa nyara. Kuna pia swali la kijiji kilicho pembeni ya kitalu, kinapata nini wakati tembo wamekula mahindi. Hayo yote nilimwambia, na anayajua kuliko mimi.

Ila sitamwambia tena kwamba anaacha kazi ya maana kwenda kufanya mambo ya wazungu. Tarlton aliacha udalali akaingia katika kazi aliyoikuta mikononi mwa watu wengine. Huyu wa kwetu anaacha vipuri vya simu kwenda kuichukua kazi ambayo babu yake aliishia kuwafundisha wajukuu kwa nyayo. Mkimwona hapa Magomeni amebeba begi anaelekea stendi, msimuulize kama karogwa. Mwulizeni siku akiwa na wapagazi wake mwenyewe, atawalipa shilingi ngapi, na majina yao atayaandika kamili?